Bustani yenye nafasi kwa viumbe wadogo, mtaa wenye nafasi kwa jirani

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya familia zilizohama, familia zilizowapokea na viongozi wa mitaa, Kalemie, jimbo la Tanganyika

 

Leo tutazungumza juu ya ndege, nyuki, vyura, mijusi na bundi. Tunajua kuna anayejiuliza moyoni: "Watu hawa wamekosa la kusema? Sisi tunatafuta bugali ya watoto, wao wanatuletea habari za vyura!" Swali hilo ni la haki, na tutalijibu mara moja. Tunazungumza juu ya viumbe hawa kwa sababu mbili. Ya kwanza, bila wao bustani ndogo haizai vizuri. Ya pili, kila tunapotembelea bustani za familia zilizohama, ugomvi tunaoukuta hautoki kwenye mboga. Unatoka kwenye udongo: nani amepanda nini, kwenye parseli ya nani, na kwa ruhusa ya nani. Mtu akitaka bustani yenye maua, ua wa miti na nyuki, lazima swali hilo alijibu kwanza. Kwa hiyo mazungumzo ya leo ni ya bustani, na pia ni ya amani.

Wafanyakazi wasiodai mshahara

Tuanze na boga, kwa sababu wengi wenu mmelipanda kando ya nyumba. Boga lina maua ya aina mbili. Ua dume lina kikonyo kirefu na chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Ili kiboga hicho kikue, chavua, yaani ule unga wa manjano, lazima itoke kwenye ua dume na kufika kwenye ua jike. Upepo hauwezi kazi hiyo, maana unga huo ni mzito na unanata. Anayeubeba ni nyuki. Naye ana saa chache tu, kwa sababu ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri. Mama akiona viboga vinageuka manjano na kuanguka vikiwa vidogo kama kidole gumba, mara nyingi anasema udongo umechoka. Pengine udongo ni mzima, ila nyuki hawakufika. Matango na matikiti nayo yanahitaji wadudu wa namna hiyo.

Sasa tuangalie usiku. Chura anatoka kwenye ubaridi na kula wadudu wanaotafuna majani. Mjusi wa ukutani anakula mbu, mende na nondo. Kinyonga, ambaye watoto wanamkimbia na wakubwa wanamtupia mawe, hana sumu yoyote. Anakula nzi na panzi. Popo wadogo wanakamata wadudu wanaoruka gizani, ingawa hatupaswi kuwashika kwa mikono.

Tena kuna mmoja ambaye hata hamumwoni. Mwaka 1973, mdudu mweupe kama unga, mwenye asili ya Amerika Kusini, alionekana kwenye mihogo huko Kinshasa na Brazzaville. Akaenea katika nchi nyingi za Afrika, akikausha vichwa vya mihogo, na watu wakakosa bugali na sombe pamoja. Wataalamu walikwenda Amerika Kusini kutafuta adui wa mdudu huyo. Mwaka 1981 walimpata Paraguay: nyigu mdogo kuliko punje ya mchele, anayetaga yai lake ndani ya mdudu huyo na kumwua. Mwaka huohuo nyigu aliachiliwa Nigeria, na baadaye katika nchi nyingine nyingi, yetu ikiwa mojawapo. Hans Rudolf Herren kutoka Uswisi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mihogo tunayokula hapa Kalemie imelindwa pia na nyigu huyo. Naye akishakua anakunywa utamu wa maua. 

Wakulima wa mahindi wanawajua vizuri viwavijeshi vilivyotoka Amerika. Vilitambuliwa Afrika kwa mara ya kwanza mwanzo wa mwaka 2016, na upesi vikafika kwetu. Hakuna anayevimaliza peke yake. Lakini siafu, nyigu na ndege wanakula sehemu yao kila siku. Kuwafukuza hao ni kumsaidia kiwavi.

Namna ya kuwakaribisha

Hatuzungumzi juu ya hekta. Tunazungumza juu ya hatua tano kwa hatua sita kando ya nyumba ya turubai, au gunia tatu zilizojazwa udongo na kupandwa lengalenga. Hata hapo kuna nafasi. Mambo matano yanatosha.

1. Maua. Usivune kila kitu. Acha mashina machache ya mboga zako yatoe maua. Panda alizeti mbili au tatu pembeni. Rihani inavuta nyuki sana, na inanukia vizuri. Mbaazi ni nzuri zaidi: inakupa chakula, inarutubisha udongo, na maua yake yanapendwa na nyuki. Jaribu kuwa na kitu kinachochanua hata wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, maua yanapokuwa haba.

2. Maji. Kisahani cha udongo au kipande cha kibuyu chenye maji kidogo na mawe mawili ndani yake, ili nyuki watue bila kuzama. Yamwage na kuyabadilisha kila baada ya siku mbili. Mbu anahitaji kati ya siku 7 na 14 kutoka yai mpaka kuruka. Maji yasiyokaa hayamzalishi. Usitumie maji ya kunywa ya nyumbani. Maji yaliyooshea mboga yanatosha, kama hayana sabuni.

3. Maficho. Mawe machache yaliyopangwa kivulini, au chungu kilichovunjika na kufunikwa kifudifudi, ni nyumba ya chura. Kipande cha gogo kilichooza ni nyumba ya wadudu ambao ndege na mijusi wanakula.

4. Kona isiyofagiliwa. Wamama wa kwetu wanapenda uwanja mweupe uliofagiliwa, na hiyo ni desturi njema, kwa sababu nyoka anaonekana mapema. Fagia mbele ya mlango na kuzunguka nyumba. Lakini ule mwisho wa bustani, mbali na mlango, acha majani makavu yakae. Yanakuwa mbolea, na chini yake wanaishi wasaidizi wako.

5. Bila sumu. Sokoni kuna dawa zinazouzwa katika vichupa visivyo na karatasi ya maelezo. Hakuna anayejua ni dawa gani wala ya kipimo gani. Inaua kiwavi leo, na nyuki, chura na mjusi pamoja naye. Tena inabaki kwenye majani ambayo mtoto atakula kesho. Jaribu kwanza kuokota viwavi kwa mkono asubuhi, kutia majivu kwenye kichwa cha mhindi, au kunyunyiza maji ya pilipili iliyopondwa. Ukinyunyiza chochote, fanya hivyo jioni, nyuki wakiwa wamerudi kwao.

Si kila mgeni ni wa kukaribishwa

Kusema ukweli ni sehemu ya amani, kwa hiyo tuseme wazi. Hatuwaombi muishi na nyoka. Kuni na matofali yasirundikwe ukutani. Yakae hatua kadhaa kutoka mlangoni. Nyasi zilizo karibu na nyumba zikatwe. Mabaki ya chakula yafukiwe, maana yanaita panya, na panya anaita nyoka.

Mizinga ya nyuki haifai ndani ya kambi iliyojaa watoto. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali wakichokozwa. Maua yawe nyumbani. Mzinga uwe mbali na njia, shule na nyumba.

Wanaolima kando ya Lukuga na kando ya ziwa wanajua kiboko na mamba. Hao hawakaribishwi na mtu. Hapo ushauri wetu ni kuacha ukanda wa matete karibu na maji bila kuulima. Matete ni nyumba ya ndege, na mizizi yake inashika udongo. Mnakumbuka mwezi wa nne na wa tano wa mwaka 2024, ziwa lilipopanda, maji yakaingia katika nyumba na mitaa yetu. Matete hayazuii ziwa kupanda, lakini udongo usioshikwa na kitu unakwenda na maji wa kwanza.

Kuhusu bundi

Hapa tunaomba mtusikilize kwa subira, kwa sababu jambo hili limevunja nyumba za watu.

Bundi anaishi karibu na watu kwa sababu panya wanaishi karibu na watu. Palipo na unga, mahindi na mihogo mikavu, panya wapo. Bundi mmoja anaweza kula panya wawili watatu katika usiku mmoja. Anawameza wazima, kisha anatapika nywele na mifupa ikiwa imeviringwa kama kidonge kikubwa. Ukikuta vidonge hivyo chini ya mti, vivunje kwa kijiti, utaona mafuvu ya panya ndani yake.

Lakini bundi akilia juu ya paa na mtoto akaugua wiki hiyo, wengine wanatafuta mchawi. Na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mtu asiye na mtetezi: bibi mjane, mgeni aliyefika juzi, mtoto yatima. Tunawaomba viongozi mkumbushe watu: mtoto akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya apimwe malaria siku hiyohiyo. Akiharisha maji mengi, awahishwe haraka zaidi, kwa maana kipindupindu kinajulikana sana hapa Kalemie na hakisubiri. Kumpiga bundi mawe hakuponyi mtoto. Kumshitaki bibi kunaongeza jeraha la pili juu ya lile la kwanza.

Mti ni neno zito

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu.

Katika desturi za sehemu nyingi za kwetu, kupanda mboga na kupanda mti si jambo moja. Mboga ni ya msimu. Mihogo ni ya mwaka mmoja au miwili. Lakini mtu akipanda mwembe au mparachichi, watu wanasema: huyu amekaa, udongo huu ni wake. Kwa hiyo familia iliyohama inaposema, "Tupande miti, ndege waje, kivuli kiwepo," mwenye parseli anaweza kusikia, "Tunataka kukunyang'anya." Hakuna aliyesema hivyo, lakini ndivyo alivyosikia. Usiku mti unang'olewa. Asubuhi kuna matusi. Jioni matusi yanafika kwenye kabila la mtu, na hapo hatuzungumzi tena juu ya mti.

Sheria ya mwaka 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali. Lakini mashambani na pembezoni mwa mji, anayegawa na anayejulikana ni chefu na familia zilizotangulia kukaa. Aliyehama yuko katikati ya hayo mawili. Ndiyo maana tunasema: kabla ya jembe, maneno. Keti na mwenye parseli, mbele ya chefu wa mtaa na mashahidi wa pande mbili, na mkubaliane juu ya mambo haya:

- Mipaka ya bustani inaanzia wapi na inaishia wapi? Iwekwe alama ambayo kila mtu anaiona.
- Ni mimea gani inaruhusiwa? Mboga peke yake? Mbaazi na mipapai? Miti ya kudumu?
- Kama mti wa kudumu unapandwa, ni wa nani? Familia nyingi zinaweza kukubaliana hivi: mti ni wa mwenye parseli, matunda yanagawanywa muda wote mlimaji anapokuwepo.
- Mlimaji akirudi kwao kabla ya mavuno, nani anavuna?
- Mwenye parseli akihitaji udongo wake, anatoa taarifa miezi mingapi kabla?

Yaandikwe kwenye ukurasa wa daftari, kwa lugha ambayo wote wanaielewa, na yasomwe kwa sauti. Wamama wa pande zote mbili wawepo, kwa sababu ndio wanaolima. Mkataba uliofanywa na wababa peke yao, bila wale wanaoshika jembe, haudumu.

Kama ruhusa ya miti haikupatikana, msikasirike. Mbaazi, alizeti, rihani na mipapai si miti ya kudumu, hata hivyo inatosha kulisha nyuki na kupumzisha ndege. Kama pana ua kati ya parseli mbili, muupande pamoja, watu wa huku na watu wa kule. Ua uliopandwa na upande mmoja unaonekana kama ukuta. Ua uliopandwa na pande mbili una wenyewe wawili wa kuulinda.

Kujifunza kutoka kwa mwingine

Jimbo letu limelia. Kuanzia mwaka 2013, na zaidi mwaka 2016 na 2017, vita kati ya Watwa na Waluba na jamii nyingine za Kibantu viliteketeza vijiji na kuleta maelfu ya watu hapa Kalemie. Kati ya cheche zilizotajwa mwaka 2016 ni kodi iliyotaka kutozwa juu ya viwavi wa kuliwa ambao Watwa wanaokota porini. Fikirini: kiwavi, mdudu mdogo wa mtini! Lakini kwa aliyekuwa akimtegemea, yeye ni chakula cha watoto na ni heshima ya kwao. Jambo linaloonekana dogo kwa mmoja ni uhai kwa mwingine. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2025 tulipokea familia nyingine, zilizofika kwa mashua kutoka upande wa Uvira.

Katika mabaraza ya amani ya jimbo letu, Watwa na Wabantu wameketi pamoja mara nyingi kuzungumza juu ya maovu yaliyopita. Hilo ni lazima. Lakini watu hawawezi kuketi kila siku juu ya jeraha. Wanahitaji pia kazi ya kufanya pamoja. Wazee wengi wa Kitwa wanajua ni mti gani unachanua mwezi gani, na nyuki wanaufuata wapi. Wamama wengi wa Kibantu wanajua kutunza mbegu za boga na maharagwe kutoka msimu hadi msimu. Bustani yenye nyuki inahitaji elimu hizo mbili. Basi mzee wa Kitwa aitwe kama mwalimu, akae kwenye kiti kama walimu wengine, asiitwe kubeba mizigo tu. Sheria ya Julai 2022 inayolinda haki za Wapigme wa asili inadai heshima hiyo. Hata bila sheria, utu unaidai.

Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 pamoja na wamama wa vijijini, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobeli mwaka 2004. Wengine waliuliza: miti na amani vinahusiana vipi? Sisi tulioishi Tanganyika hatuhitaji kuelezwa. Tumeona watu wakipigania udongo, kuni, maji na hata viwavi.

Neno kwa viongozi

Machefu na viongozi wa kambi, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, mkubali kuwa mashahidi wa mikataba ya bustani, bila kudai malipo kwa familia zisizo na kitu. Pili, mtenge mahali pa pamoja, hata padogo, kando ya shule au kanisa au msikiti, ambapo miti ya kudumu inaweza kupandwa bila kuwa ya familia moja. Hapo mwembe hautamtisha mtu. Tatu, ugomvi wa mbuzi aliyeingia bustanini usikilizwe siku hiyohiyo. Ugomvi wa mbuzi ukilala siku tatu unaamka ukiwa wa makabila.

Na ninyi familia mliohama, tunajua wengi mnasema: "Kwa nini nipendezeshe mahali ambapo si kwetu?" Tunawaheshimu mnaposema hivyo. Kupanda alizeti hapa hakumaanishi kusahau shamba la kule. Mbegu utakazozitunza hapa utazibeba siku ya kurudi, na elimu ya nyuki na chura haihitaji nauli. Wakati huo mwenyeji aliyekupa hatua tano za udongo atakuwa amepata udongo uliorutubika na jirani anayemkumbuka kwa mema.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika mtaa wenu, ni viumbe gani wanauawa kwa hofu tu? Hofu hiyo imewahi kumwumiza mtu?
2. Ni ugomvi gani wa udongo au wa miti ulioanza kwa kutokuzungumza mapema?
3. Nani kati ya majirani zenu ana elimu ambayo hamjawahi kumwomba awafundishe?
4. Wiki hii, familia yako inaweza kuanza na jambo gani moja kati ya yale matano?

 Sasa tunawaachia nafasi mseme, maana wengi wenu mmelima miaka mingi kuliko sisi. Amani iwe katika nyumba zenu na katika mitaa yenu.